Kuleri ya Mzee Ntabaza

Kwanza palikuwa na mlio. Tak-tak-tak, chrrr. Tak-tak-tak, chrrr. Ulikuwa kama wa mahindi makavu yanayomwagwa kwenye sinia la bati, yakakusanywa, yakamwagwa tena. Nzigire aliusikia akiwa bado kwenye ujia wa hoteli, mlango wa ukumbi umefungwa mbele yake na kitenge chake kikinuka samaki wa asubuhi. Alisimama. Hakuwahi kuusikia mlio ule maishani, lakini mwili wake uliutambua kabla ya kichwa. Ndivyo baba yake alivyouiga kwa ulimi tangu yeye akiwa mtoto, kila alipofika mahali pa hadithi ambapo wafanyabiashara wa Kigiriki kule Bukavu walizichezea jetoni, vile visahani vya kuwekea dau, vidoleni huku wakiwaza ni nani wa kumnyonyoa usiku huo.

Alisukuma mlango.

Meza sita, na kila meza watu wanane. Mbele kabisa, juu ya zulia, lilisimama friza jeupe lililofungwa utepe mwekundu, mfuniko wake umeinuliwa ili kila mtu achungulie ndani. Hoteli ilikuwa imetimiza miaka kumi. Mwenye hoteli, badala ya kuchinja mbuzi kama watu wengine, aliamua kwamba wale wanaoilisha na kuihudumia hoteli yake wakae siku moja wahudumiwe, wacheze karata za poka kama alivyoona wakifanya wenye hoteli kubwa kwao, na atakayebaki wa mwisho aondoke na friza. Hakuna aliyetoa senti. Muuza mkaa alikuwepo, wa viazi alikuwepo, wa mchele kutoka Bugarama alikuwepo. Nzigire ndiye aliyeleta sambaza, vile vidagaa vya ziwani.

"Maman Nzigire, umechelewa!" Bernadette wa mapokezi, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa mwamuzi, alimjia mbio na karatasi mkononi. "Tulishaeleza yote."

"Ni mpakani. Leo forodha wanafungua beseni moja moja, sijui wanatafuta dhahabu ndani ya samaki."

"Basi shika hii. Sheria zote ziko humu, na namna karata zinavyoshindana. Soma kidogo kabla hujaanza."

"Nisome nini?" Nzigire alicheka. "Binti yangu, mimi karata nimezikuta nyumbani kabla sijaota meno."

Watu wa meza yake wakacheka pamoja naye. Alikaa, akaiweka ile karatasi mbele yake, na chai ilipoletwa akaitua glasi juu yake, pale katikati.

Hakujivuna bure. Mzee Ntabaza, baba yake, alikuwa mtumishi wa vinywaji katika klabu ya wale Wagiriki miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru. Usiku mmoja mchezaji wa nne hakufika, na mmoja wao akamtazama kijana mwenye sinia, akasema, "Ntabaza, vua aproni. Kaa." Alikaa. Akakaa tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, miaka kumi na miwili. Wale watu walikwisha kuondoka zamani na klabu ikawa ghala la saruji, lakini neno lile moja, kaa, lilibaki kuwa mali yake pekee ambayo hakuna jeshi lililoweza kuipora. Vita vilipomvusha Ruzizi, mto wa mpakani, alivuka na blanketi, sufuria, mtoto mmoja wa kike, na pakiti ya karata mfukoni.

Pakiti ile ilikuwa na karata thelathini na mbili tu. Zile ndogo, kuanzia mbili hadi sita, alizitupa siku aliyoinunua. "Hizi ni za kulishia kuku," alisema. Kwa zile zilizobaki alimfundisha bintiye kila jioni, juu ya mkeka, akimkaririsha ngazi ya mchezo jinsi wengine wanavyowakaririsha watoto wao sala. Jozi. Jozi mbili. Tatu za namba ileile. Mfululizo. Kisha fuli, yaani tatu za namba moja na mbili za nyingine. Na juu ya fuli, kuleri: karata tano zote za alama moja.

"Fuli ni nyumba iliyojaa vyombo," alikuwa akimwambia. "Kuleri ni ukoo. Nyumba unaweza kuinunua, mwanangu. Ukoo utaununua wapi?"

Sasa macho ya mzee yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe, hakuweza tena kutofautisha mfalme na malkia. Asubuhi ile, alipomsikia Nzigire akifunga beseni, alimshika mkono. "Usiache muntu akufundishe leo. Mimi nilifundishwa na benyewe, bale Bagiriki." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate: "Ukirudi utanielezea karata zote. Moja moja."

Nzigire hakuwa amekwenda kucheza kwa ajili ya sifa. Alikwenda kwa ajili ya friza. Sambaza wanaotoka ziwani alfajiri huwa na mng'ao kama sarafu mpya. Saa nane mchana mng'ao huo umekufa, na muuzaji anaanza kuwabembeleza watu wachukue kwa bei yoyote. Juzi tu alikuwa amemwaga mabeseni mawili shimoni nyuma ya nyumba, na bata wa jirani wakanenepa kwa jasho lake. Miaka kumi na sita aliishi hivyo, akikimbizana na jua. Sanduku lile jeupe lilikuwa na uwezo wa kulisimamisha jua.

Mchezo wenyewe ulimchukua muda mfupi kuuelewa. Mbili mkononi, tano mezani kwa wote, unachagua tano zilizo bora. Kilichomuudhi ni zile karata ndogo, zikiingia na kutoka kama watu waliokuja msibani kwa ajili ya chakula. Lakini bahati ilimkalia begani tangu mwanzo. Alipohitaji malkia, malkia alikuja. Muuza mkaa aliondoka, wa viazi akaondoka akimtakia kila la heri kwa sauti ya mtu anayemtakia maradhi. Kufikia saa sita meza zilibaki tatu.

Ndipo akakutana na Muhigirwa, mwenye kinu cha mchele kutoka Bugarama, jitu la mtu, taulo shingoni kana kwamba joto la kwao lilikuwa limemfuata hadi huku juu.

"Maman Sambaza," alimwambia baada ya kumwona akifumba macho kabla ya kutazama karata zake. "Unacheza ama unasali?"

"Nasali, Papa. Naomba mchele wako upunguze mawe."

Meza nzima ililipuka kwa kicheko, na Muhigirwa mwenyewe alifuta machozi kwa taulo. Lakini mgao uliofuata hakucheka. Nzigire alipata tisa mbili. Mezani zikafunguliwa karata tatu, zote kopa: mfalme, tisa, na nne. Ikafuata mfalme wa pau. Mwisho, mbili ya shupaza. Alihesabu kimyakimya: tisa tatu, wafalme wawili. Fuli.

Muhigirwa alisukuma mlima wake wote wa jetoni mbele kwa viganja viwili. "Zote."

Nzigire alizitazama zile kopa tatu zilizolala mezani kama majeraha mapya. Muhigirwa akiwa na kopa mbili mkononi, basi ana kuleri. Na jinsi alivyosukuma, bila kupepesa, anazo. Nyumba iliyojaa vyombo mbele ya ukoo. Hakuona sababu ya kuteseka. Alizigeuza karata zake wazi, kwa sababu kwa Wagiriki wa Mzee Ntabaza mtu aliyekubali kushindwa alionyesha alichokiacha. Ndivyo ilivyokuwa heshima ya meza ile.

"Umenishinda, Papa. Chukua."

Muhigirwa alizitazama zile tisa mbili, akatazama meza, akamtazama mwanamke. Polepole akafunua zake. Wafalme wawili, ambao pamoja na wale wa mezani walikuwa wanne, na nne za namba moja huishinda fuli.

"Nani amekuambia?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua unene. "Hakuna muntu duniani anatupa fuli. Hakuna!"

Bernadette alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Kutoka meza ya jirani mtu alinong'ona kwamba yule maman anaona kupitia mgongo wa karata. Nzigire hakuelewa hasa walichokuwa wakikistaajabia. Kumbe si kuleri, ni nne, alijiambia. Lakini kwani mtu mwenye akili afanye nini na fuli mbele ya kopa tatu? Hata hivyo sifa hairudishwi mlangoni. Alinywa chai yake bila haraka, akashusha glasi juu ya karatasi, na kifua chake kikajaa kama tanga.

Tangu hapo walimwogopa. Alipoweka jetoni mbili, watu waliinua mikono na kuziacha karata zao kama zimewaunguza. Alipotulia walitulia naye, wakijaribu kusoma kwenye uso wake kitu ambacho hakikuwepo. Muhigirwa mwenyewe aliishiwa jetoni kwenye meza nyingine, akarudi na kiti kukaa nyuma yake, aone. Na Nzigire, ambaye miaka kumi na sita alikuwa akitembea pembezoni mwa barabara ili magari yapite, alihisi kwa mara ya kwanza jinsi ilivyo watu wakikupisha.

Kitu kimoja tu kilimkaa vibaya. Haikuwa kawaida yake kupewa. Kila jetoni iliyokuja upande wake ilimfanya ajione kama mtu anayepanda ngazi gizani akijua kwamba lazima itafika mwisho, na hajui ni kwa mguu upi.

Ilipofika saa tisa na nusu walibaki wawili. Aliyemkabili alikuwa Hakizimana, fundi wa jenereta ya hoteli, kijana mwembamba mwenye kucha zilizopasuka, ambaye kila alipochukua jetoni za Nzigire alisema "Unisamehe, Maman." Milima yao ilikaribia kulingana, ila wa Nzigire ulikuwa mfupi kwa kidole kimoja. Friza lilikuwa nyuma ya bega la kijana. Nzigire alikwisha kuliingiza nyumbani kwa mawazo, akaliweka kwenye ukuta wa jikoni, akamleta baba yake na kumwekea kiganja juu ya mfuniko ili asikie linavyonguruma.

Karata zikagawiwa. Alifunua pembe: as ya shupaza, karata kubwa kuliko zote za alama ile, na ghulamu wa shupaza. Mezani zikaja malkia wa shupaza, saba ya shupaza, tatu ya shupaza. Damu ilimsisimka hadi kwenye kucha. Kuleri, na ya as. Hakuna kuleri nyingine inayoizidi. Ikaja malkia wa uru. Ikaja saba ya uru. Hakuzijali. Hakizimana aliweka jetoni chache, kwa woga, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa.

"Zote," alisema Nzigire.

Kijana alifikiri kwa muda mrefu. Alimtazama Muhigirwa nyuma ya Nzigire, akatazama dari, akajifuta viganja kwenye suruali. "Nimekufuata, Maman. Mungu anisaidie."

"Kuleri," Nzigire alisema, na akaziweka karata zake taratibu, moja baada ya nyingine, kama baba yake alivyomfundisha kuweka kitu kilicho bora. "Ya as." Kisha akanyoosha mikono miwili, akaukumbatia mlima wa jetoni na kuanza kuuvuta. Ulitoa ule mlio. Alikuwa akitabasamu.

"Maman." Hakizimana hakuinua sauti. "Maman, ngoja."

Alifunua malkia wa kopa na tano ya pau. Malkia watatu, saba mbili.

"Nimeona," Nzigire alisema. "Ni fuli. Njo maana nachukua."

Watu walitazama pembeni. Bernadette alisogea, akainua glasi ya chai kwa upole, akaitoa ile karatasi iliyolowa. Duara la chai lilikuwa limekaa katikati ya orodha. Alisoma kwa sauti ndogo, kidole chini ya mstari, kama mwalimu anayemwonea mtoto huruma: "Nne za namba moja. Kisha fuli. Kisha kuleri."

"Karatasi imekosea."

"Haikukosea, Maman."

Muhigirwa ndiye aliyeelewa. Aliliondoa taulo shingoni. "Ulifundishwa kwa karata thelathini na mbili," alisema. "Mjomba wangu alicheza hivyo Bujumbura. Karata zikiwa chache, kuleri ni ngumu kupata kuliko fuli, kwa hiyo inapanda juu yake. Ukirudisha zile ndogo, kuleri inakuwa rahisi, inashuka. Wenye kuchezea zote hamsini na mbili wanahesabu hivi." Kisha kitu kikaanza kutembea usoni mwake. "Ngoja kwanza. Ile fuli uliyonitupia mchana..."

Nzigire alilitazama lile duara la chai kwenye karatasi.

"Haukuona kitu!" Muhigirwa alipiga paja. "Jamani, hakuona kitu! Alidhani niko na kopa! Na sisi wote tukamkimbia siku nzima!"

Kicheko kilianzia kwake, kikaruka meza, kikafika kwa wahudumu waliosimama ukutani. Hakikuwa kicheko kibaya. Walikuwa wakijicheka wenyewe pia, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwa kuwa hakupata hata mtu wa kumchukia. Kushindwa angelimeza. Lakini walikuwa wamerudi nyuma hadi saa sita na kumnyang'anya hata ule utamu aliokwisha kuula. Kosa lilelile lililompandisha ngazi ndilo lililokuwa likimngoja juu.

Hakizimana alimfuata hadi mlangoni. "Maman, ukibakiza sambaza, uje uweke beseni ndani ya friza. Nyumbani kwangu si mbali."

"Asante, mwanangu," alisema, na akatoka haraka kabla uso haujamwangusha.

Alipanda barabara ya kuelekea kwake, kwenye mtaa ulio nyuma ya uwanja wa ndege wa Kamembe, na kila hatua hasira ilimpanda pamoja nayo. Haikuwa hasira kwa Muhigirwa wala kwa kijana. Ilikuwa kwa mzee aliyekaa nyumbani juu ya mkeka. Miaka yote ile ya kukaririshwa! Nyumba na ukoo! Kumbe ngazi aliyopewa ilikuwa ya nyumba moja tu, nyumba iliyokwisha kubomolewa, na hakuna aliyemwambia kwamba nje watu wanapanda kwa ngazi nyingine. Alipanga maneno. Papa, ulinifundisha vibaya. Aliyarudia mara tatu ili yasimkwame: alitaka yatoke safi, yenye makali, na yule mzee ayasikie yote kama alivyotaka kusikia yote, moja moja.

Mzee Ntabaza alikuwa ameketi kizingitini, uso ameuelekeza njiani. Aliitambua miguu yake kutoka mbali.

"Anza mwanzo," alisema. "Usiruke."

Akaanza mwanzo. Hakuketi. Aliongea kavu, kama mtu anayetoa ushahidi, na vidole vya mzee vikawa vinatembea hewani, vikipanga karata ambazo hazikuwepo. Alipofika kwa Muhigirwa na zile kopa tatu, mzee aliinamisha kichwa kusikiliza vizuri.

"Ukafanya nini?"

"Nikatupa fuli."

"Ukaonyesha?"

"Nikaonyesha."

"Aah!" Mzee alifumba macho yake meupe. "Njo vile. Njo vile tulifanya sisi."

Nzigire aliendelea hadi walipobaki watu wawili, hadi as ya shupaza, hadi fundi wa jenereta na kucha zake. Alikuwa amefika. Alivuta pumzi ya kuyatoa yale maneno.

"Mimi nilikuwa na kuleri ya as, Papa. Yeye alikuwa na fuli."

Mzee Ntabaza alisimama. Hakuwa amesimama bila kushikwa mkono tangu Pasaka, lakini alisimama, fimbo ikaanguka, na mikono yake miwili ikapanda juu kama ya mtu aliyeona bao likiingia.

"Mukankusi!" aliita kuelekea ua wa jirani. "Mukankusi, kuja! Kuja usikie! Mutoto yangu amepiga bantu makumi ine na saba! Kuleri ya as! Nilimwambia, nilimwambia mie: nyumba haiwezi ukoo!"

Mukankusi alitokea na mwiko mkononi, akaanza kupiga vigelegele kabla hata ya kuuliza ni vya nini. Watoto wawili wakaja nyuma yake. Mzee alikuwa akiwaeleza wote kwa pamoja habari za mtu mmoja aliyeambiwa kaa, na jinsi ambavyo watu walidhani yale mambo yamekwisha, kumbe hayajaisha, yamehamia kwa binti. Nzigire alimtazama. Hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyebaki kutoka meza ile ya Wagiriki. Maneno yake yenye makali yalikuwa bado kinywani, yote matatu, na hakujua ayaweke wapi.

"Na frigo?" mzee aliuliza, akimtafuta kwa mkono hewani hadi akampata bega. "Hawakukupa gari ya kuileta? Iko wapi? Itakuja lini?"

Mukankusi alishusha mwiko. Alimwona Nzigire uso, na akaacha kutabasamu.

"Si leo, Papa." Nzigire aliushika ule mkono begani. "Na si kesho. Si mwezi huu pia. Lakini nakuahidi, na Mukankusi anasikia: itaingia kwa mlango huu, nitaileta mimi mwenyewe, na wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuweka mkono juu yake."